Vijana wenye unene mkubwa: kisu kinasaidia, lakini nani atawafuata kisha?

Tulipokuwa kwenye masomo ya sekondari hapa Goma, kulikuwa msichana mmoja katika darasa letu ambaye tulimuita "Fuso", jina la gari kubwa la mizigo. Alikuwa na miaka 15. Akipita kati ya mabenchi, mmoja wetu alikuwa anaiga mlio wa motere, na darasa nzima linacheka. Siku moja hata mwalimu alicheka. Na mimi nilicheka. Nyumbani kwao mambo yalikuwa tofauti: wageni walikuwa wanamsifu kwamba amenona, na kwamba baba yake anajua kulisha watoto. Kati ya kicheko cha masomoni na sifa za nyumbani, hakuna mtu hata mmoja aliyempima sukari wala tansio.

Nilimuona tena miaka 12 kisha, kwenye soko la Virunga, anauza unga wa mihogo, mguu mmoja umefungwa bandeji. Ni sukari, aliniambia. Wanganga walimuambia kwamba ugonjwa ulikuwa ndani yake tangu zamani, pengine tangu alipokuwa bado anavaa nguo za masomo. Hakunilaumu. Alinipimia unga, akaniongezea kidogo juu, tukaagana.

Ninaanza na habari yake kwa sababu kuna utafiti ambao kila mzazi, kila mwalimu na kila kiongozi wa afya katika inchi yetu angepaswa kuujua. Unahusu vijana wenye unene wa kupita kiasi na kupasuliwa tumbo ili kupunguza uzito. Wengi wakisikia hivyo wanasema haraka: hayo ni mambo ya Wazungu, mambo ya watu wenye feza. Ninaomba msomaji asitupe gazeti mbele ya kufika mwisho. Utafiti huo unasema mambo mawili ambayo yanatuhusu sana: kwanza, unene mkubwa wa kijana ni ugonjwa, si uvivu wala ulafi. Pili, hata dawa yenye nguvu kuliko zote haina maana kama hakuna mtu wa kumfuata mgonjwa miaka yote inayokuja.

Walichofanya na walichokiona

Kuanzia mwaka 2007, vituo vitano vya matibabu vya Marekani viliandikisha vijana 242 wenye umri usiopita miaka 19, ambao walikuwa wanaenda kupasuliwa. Utafiti huo unaitwa Teen-LABS. Kwa wastani vijana hao walikuwa na miaka 17, na watatu kati ya wanne walikuwa wasichana.

Ili kuelewa ukubwa wa unene wao, tufanye hesabu ile wanganga wetu wanaita IMC. Unachukua kilo za mtu, unagawanya kwa urefu wake wa metre uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, kuanzia 18,5 hadi 25 ni kawaida. Ukifikia 30, ni unene wa ugonjwa. Ukipita 40, ni hatari kubwa. (Kwa watoto, wanganga wanaangalia pia umri, na kama ni msichana ao mvulana.) Vijana wa Teen-LABS walikuwa na wastani wa 53. Ni kama msichana wa metre 1,60 mwenye kilo 136. Kwa msichana huyo, kupanda ngazi ni kazi, kulala vizuri ni kazi, kukaa kwenye benchi la darasa ni haya.

Walipasuliwa kwa njia mbalimbali. Vijana 161 walifanyiwa ile inayoitwa bypass: munganga anatengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kisha anakiunganisha moja kwa moja na sehemu ya mbele ya utumbo, ili chakula kisipitie njia yake yote ya kawaida. Wengine 67 walikatwa sehemu kubwa ya tumbo, karibu asilimia 80, na kubakia na mfereji mwembamba unaofanana na ndizi. Wale 14 waliobaki walifungwa mkanda juu ya tumbo, njia ambayo leo haitumiwe sana.

Watu wengi wanafikiri kwamba njia hizo zinafanya kazi kwa sababu tu tumbo limekuwa dogo. Si hivyo peke yake. Tumbo na utumbo vinatuma habari kwa ubongo kupitia damu: nina njaa, nimeshiba, acha kula. Kwa mtu mwenye unene mkubwa, mazungumzo hayo yameharibika. Akipunguza chakula kwa nguvu, mwili wake unapigana naye, unaongeza njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, mpaka kilo zinarudi. Kupasuliwa kunabadilisha habari hizo. Ndiyo maana mtu anayepasuliwa hasikii njaa ile ya zamani, na ndiyo maana sukari ya wengine inaanza kushuka hata mbele ya kilo nyingi kuondoka.

Matokeo ya miaka mitatu yalitolewa mwaka 2015. Uzito ulikuwa umeshuka kwa asilimia 27 kwa wastani. Yule msichana wetu wa kilo 136 angefika kama kilo 99. Kati ya wale waliokuwa na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, 95 kwa 100 hawakuwa nao tena. Kati ya wale waliokuwa na tansio ya juu, 74 kwa 100 ilikuwa imerudi kawaida.

Mwaka 2019, watafiti walilinganisha vijana na watu wazima waliofanyiwa bypass, miaka mitano baada ya kupasuliwa. Kilo walizopoteza zilikaribiana: asilimia 26 kwa vijana, 29 kwa watu wazima. Lakini sukari iliondoka kwa vijana 86 kati ya 100, na kwa watu wazima 53 tu. Ni somo kubwa: ugonjwa ukikutwa mapema, unakubali kuondoka. Ukiachwa miaka ishirini, unajenga nyumba.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya miaka kumi, kwa vijana 260. IMC yao ilikuwa bado chini kwa asilimia 20 kuliko siku ya kupasuliwa. Sukari ilikuwa bado imeondoka kwa asilimia 55 ya wale waliokuwa nayo. Namba zimeshuka kuliko zile za mwanzo, na ni vizuri kusema hivyo wazi. Lakini kwa ugonjwa ambao kawaida hauondoki, zaidi ya nusu ya vijana kukaa miaka kumi bila ugonjwa huo si jambo dogo.

Na wale wasiopasuliwa?

Ili kujua kama kisu kina faida, lazima tuangalie wale ambao hawakukipata. Hapa ndipo utafiti mwingine wa Marekani, unaoitwa TODAY, unatisha. Ulifuata vijana 500 waliopata sukari ya aina ya pili wakiwa wadogo, na kutibiwa kwa dawa za kawaida. Mwaka 2021 watafiti walitoa habari yao, miaka 13 hivi baada ya ugonjwa kujulikana. Walikuwa na wastani wa miaka 26. Sita kati ya kumi walikuwa tayari na angalau madhara mamoja ya sukari: kwenye macho, kwenye figo, ao kwenye mishipa ya fahamu. Miaka 26! Huo ni umri wa kumaliza chuo kikuu, kuolewa, kuzaa. Niliposoma namba hiyo nilikumbuka mguu ule wenye bandeji sokoni Virunga.

Wengine watasema: wangekula kidogo, wangefanya michezo. Inchi ya Sweden ilijibu swali hilo vizuri. Watafiti walichukua vijana 50 wenye miaka 13 hadi 16, wote wenye unene mkubwa sana, na kwa kura wakawagawanya katika makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa. Lingine lilipata matibabu makali bila kisu, chakula kidogo sana kwa majuma ya kwanza, kisha wasaidizi wa karibu. Si yale mashauri ya dakika tano tunayopata kwa dispanseri. Baada ya miaka miwili, IMC ya waliopasuliwa ilishuka kwa alama 12,6. Ya wengine ilishuka kwa alama 0,2. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2023.

Msomaji mpendwa, soma tena namba hizo mbili. Vijana hao walikuwa na wanganga, walikuwa na chakula kilichopangwa, walikuwa na wazazi waliokubali kusaidia. Na bado mwili uligoma. Sasa sisi, ambao tulimwambia "Fuso" afunge mdomo wake, tulikuwa tunamuomba nini? Tulikuwa tunamuomba afanye peke yake, kwa haya, jambo ambalo kundi zima la wanganga wa Sweden halikuweza.

Kwa sababu ya utafiti kama huo, chama cha wanganga wa watoto cha Marekani kilitoa mashauri mapya mwezi wa kwanza 2023: kijana wa miaka 13 na zaidi mwenye unene mkubwa apewe nafasi ya kuchunguzwa kama anafaa kupasuliwa. Hawakusema kila kijana mnene apelekwe kwenye kisu. Walisema asicheleweshwe bila sababu.

Kuna pia dawa za sindano za kila juma, kama semaglutide. Mwaka 2022, utafiti kwa vijana 201 ulionyesha kwamba wale waliodungwa walishuka IMC kwa asilimia 16, na wale waliopewa sindano bila dawa walipanda kidogo. Ni habari njema, lakini kilo huwa zinarudi mtu akiacha, na dawa hiyo inahitaji kutunzwa kwenye baridi mbele ya kutumiwa. Katika muji ambamo umeme unakatika kila siku, kila anayetumia insulini anajua maana ya sentensi hiyo.

Gharama isiyoandikwa kwenye faktire

Nikiishia hapo, nitakuwa nimeandika tangazo la hospitali. Utafiti huohuo una upande mwingine, na kwetu huo ndio upande mzito kuliko wote.

Baada ya miaka mitatu, zaidi ya nusu ya vijana wa Teen-LABS, asilimia 57, walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma mwilini. Asilimia 13 walikuwa wamepasuliwa tena tumboni. Katika ulinganisho wa miaka mitano, vijana walipasuliwa tena mara nyingi kuliko watu wazima, na kati ya vijana 161, watatu walikuwa wamekufa. Huko Sweden, katika utafiti mwingine wa vijana 81, robo yao walihitaji kupasuliwa tena katika miaka mitano, na 72 kwa 100 walikutwa wakikosa vitamini ao madini fulani.

Sababu yake inaeleweka. Njia ya chakula ikifupishwa, mwili unashindwa kunyonya vizuri chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu. Mtu aliyepasuliwa anapaswa kunywa vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote, na kupimwa damu kila mwaka. Maisha yote maana yake ni hata siku ya kukimbia vita, hata mwezi ambao mshahara haukutoka, hata duka la dawa likiwa limefungwa.

Sasa leta hayo hapa kwetu. Chukua msichana wa miaka 17 ambaye mwili wake haunyonye chuma vizuri, ambaye anapoteza damu kila mwezi, na ambaye anapata malaria mara mbili tatu kwa mwaka. Malaria inakula damu. Minyoo nayo inakula damu. Kesho kutwa anabeba mimba. Kijana wa Ohio akikosa chuma anaitwa kwa simu kurudi kupimwa. Binti wa Goma ao Bukavu, nani atamwita?

Kuna pia pombe. Baada ya bypass, pombe inaingia katika damu haraka zaidi na kulevya zaidi. Watafiti waliofuata vijana wa Teen-LABS kwa miaka minane waliona matatizo ya pombe yakiongezeka. Sisi tunaishi katika muji ambamo kasiksi na vileo vya chupa ndogo vinauzwa kando ya masomo. Mzazi anayefikiria kisu na asifikirie jambo hilo, amefikiria nusu.

Na kuna moyo. Huko Sweden, vijana wengi walifurahi na mwili wao mpya, lakini wale waliokuwa na huzuni nzito na mahangaiko hawakupona kwa sababu tu kilo zilishuka. Kisu kinakata tumbo, hakikate matusi ambayo mtoto alisikia miaka kumi. Tena tukumbuke: hata baada ya kupoteza kilo 37, msichana wetu wa metre 1,60 bado ana karibu kilo 100. Majirani bado watamuita mnene. Ushindi wake uko ndani ya damu, kwenye sukari na tansio, mahali ambapo jicho halifike.

"Lakini sisi tuna njaa"

Ninajua jibu ambalo wengi wameshatayarisha. Katika Kongo, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa sababu ya kukosa chakula kizuri. Zaidi ya watu milioni 25 hawana uhakika wa chakula. Hospitali zetu za Kivu zimepokea majeruhi wa vita mpaka wakalazwa chini. Je, ni wakati wa kuzungumza juu ya unene?

Ndiyo, ni wakati. Njaa na unene ni watoto wa nyumba moja. Mtoto aliyedumaa akiwa mdogo, kisha akikua anapata chakula cha bei ndogo kilichojaa mafuta, unga na sukari, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata unene na ugonjwa wa sukari. Angalia kinachouzwa nje ya masomo yetu saa nne: mikate iliyokaangwa katika mafuta yaliyotumiwa mara nyingi, biskuti, vinywaji vya sukari. Sambaza za ziwa Kivu, maharagi na lenga-lenga, chakula chetu kizuri, kinapanda bei kila mara barabara zinapofungwa. Familia iliyokimbia shamba lake Masisi haikuchagua kuacha mboga. Ilipoteza mboga.

Dunia nzima inaenda njia hiyo. Mwaka 2022, watoto na vijana milioni 159 kati ya miaka 5 na 19 walikuwa na unene wa ugonjwa. Mwezi wa tisa 2025, UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza, watoto wa umri wa masomo wenye unene huo ni wengi kuliko wale waliokonda kwa kukosa chakula. Ilisema Afrika kusini ya Sahara na Asia ya Kusini bado haziko hapo. Neno "bado" ndilo linatupa nafasi. Sisi tuko nyuma katika jambo hili, na kwa mara moja kuwa nyuma ni faida, kama tunataka kuitumia.

Tena kuna jambo letu wenyewe, ambalo halikutoka kwa Wazungu. Katika miji yetu, wasichana wananunua vidonge vya kuongeza makalio na mashavu. Ndani yake kuna dawa kama dexamethasone na cyproheptadine, ambazo zinauzwa bila karatasi ya munganga, wakati mwingine kwa ushauri wa shangazi ao rafiki. Dexamethasone ni dawa nzuri mikononi mwa munganga. Ikinywewa miezi na miezi ili kunenepa, inapandisha sukari na tansio, inavimbisha mwili, inadhoofisha mifupa, na kuiacha kwa ghafula kunaweza kumuangusha mtu. Wakati vijana wa inchi nyingine wanalala kwenye meza ya kupasuliwa ili kuondoa kilo, wetu wananunua kilo kwa vidonge, kwa sababu tumewafundisha kwamba kukonda ni ugonjwa na kunona ni baraka.

Tunaomba nini

Kwa wazazi. Baba, mama, tusipime afya ya mtoto kwa mashavu yake. Kijana ambaye uzito wake unapanda haraka, anayekoroma sana usiku, anayekunywa maji na kukojoa mara nyingi, ao mwenye weusi mzito kwenye shingo kama uchafu usiotoka kwa sabuni, apelekwe kupimwa sukari na tansio. Ni kipimo cha dakika chache. Na tusimtukane. Mtoto anayetukanwa juu ya mwili wake anajificha, na anayejificha hapimwe.

Kwa wazazi wenye uwezo ambao wanafikiria kumpeleka mtoto India, Uturuki ao kwingine: utafiti hauwakatazi. Lakini mbele ya kuuza kiwanja, muulize maswali haya. Nani atampima damu kila mwaka akisharudi? Vitamini vitatoka wapi, kwa feza gani, kwa miaka mingapi? Akiamka usiku na maumivu makali ya tumbo, kuna munganga wa hapa anayejua ginsi tumbo lake lilivyotengenezwa? Karatasi za kupasuliwa ziko kwa lugha ambayo munganga huyo anaisoma? Na mtoto mwenyewe, ameelezwa, amekubali, ao ameburutwa? Hospitali inayopokea feza na kumrudisha kijana baada ya siku chache bila mpango wa kumfuata, imemuuzia nusu ya matibabu kwa bei ya matibabu mazima.

Kwa masomo. Kila mwanzo wa mwaka tunaandikisha watoto, tunahesabu feza, tunakagua nguo. Balansi moja, kipimo cha urefu na kifaa cha tansio haviombi wafadhili wakubwa. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa anaweza kupita mara moja kwa mwaka. Apime kila mtoto peke yake, mlango ukiwa umefungwa, ili namba isigeuke jina la utani. Vipimo hivyohivyo vitawakuta pia wale waliokonda kwa njaa. Kazi moja, faida mbili.

Kwa wenye kuongoza, popote walipo. Maduka ya dawa yanayouza dexamethasone kama peremende yafungiwe biashara hiyo. Dawa za sukari za kawaida, kama metformine na insulini, zipatikane kwenye hospitali za maeneo ya afya, kwa bei ambayo mama muuza unga anaweza kulipa. Na vyuo vyetu vya udaktari vifundishe ugonjwa huu kama ugonjwa, kwa sababu munganga anayemwambia mtoto "wewe kula kidogo tu" na kumfukuza, hajasoma habari hizi.

Utafiti wa miaka kumi na zaidi umefanywa kwa vijana ambao hatutawaona kamwe, katika hospitali ambazo hatutaziingia. Walikubali kupimwa na kupimwa tena ili wengine wajue. Walichotuachia si mwaliko wa kukimbilia kisu. Wametuachia ushahidi kwamba mtoto mnene hana kosa, kwamba kuwahi ni nusu ya kupona, na kwamba kumfuata mgonjwa ni nusu ya pili. Kisu hatuna. Kuwahi na kufuata tunaweza kuanza juma lijalo, kwa balansi na kipimo cha tansio.

Rafiki yetu wa darasa ana jina, jina zuri alilopewa na bibi yake. Tulipokutana sokoni nilitaka kumuita kwalo, na kwa sekunde chache sikulikumbuka. Jina la "Fuso" ndilo lilikuja kwanza mdomoni. Katika darasa fulani la muji huu, leo hii, kuna mtoto mwingine anayeitwa hivyo. Mwalimu wake anamjua. Ampeleke apimwe.